Saiba (kafe ya intaneti) ya Langoni, mjini Lamu, inayosaidia shule kutafuta ufadhili wa miradi: nimeenda mara tatu, haya ndio niliyoyaona

Walimu wenzangu wa Lamu, na nyinyi wa Malindi pia maana najua mnahangaika vile vile, hii naandika kwa sababu kila wiki naulizwa kwa WhatsApp "mwalimu ile hela ya mikoko mlitoa wapi" na voisi zangu zinakuwa ndefu mpaka watu hawamalizi kuskiza. Sa naweka yote hapa mara moja. Napa nyota nne kati ya tano na nyota ile moja iliyobaki ntaisema huko chini.

Mimi ni patroni wa klabu ya mazingira kwa shule moja ya msingi yenye junia, yaani gredi ya 7 mpaka 9, huku upande wa magharibi wa kisiwa, kule ambako ukitoka darasani hatua mia mbili umeshafika kwenye matope. Mnajua mtaala unavyotaka, kila darasa la junia lifanye mradi wa huduma kwa jamii, watoto watoke waangalie tatizo lililoko kwao, wapange, wafanye, halafu warudi waseme wamejifunza nini. Na hawa walioingia gredi ya 10 mwezi wa kwanza 2026 kwao si hiari tena, ni somo la lazima pamoja na Kiingereza, Kiswahili na hesabu. Hii kitu mimi naipenda kutoka moyoni, nimeona mtoto ambaye mwaka mzima haongei darasani akisimama mbele ya wazee wa kijiji akieleza kwa nini ufuo wao umekatika. Lakini hela iko wapi? Serikali inaleta shilingi 15,042 kwa kila mtoto wa junia kwa mwaka, ikifika ishagawanywa kwa mafungu, na inakuja vipande vipande, ukitaka lita kumi za petroli ya boti kupeleka watoto mikokoni hupati pa kuichomoa. Wazazi nao ni wavuvi, na msimu wa kusi mnaujua, upepo mkali bahari haiendeki.

Sasa kabla sijafika kwa huyu dada wa saiba tulipitia kwa bwana mmoja, jina sitaji, alikuja shuleni na begi na shati zuri akasema ana koneksheni na wafadhili wa Ulaya. Alitaka 8,000 ya kufungua faili na asilimia 10 hela ikiingia. Tukachanga walimu, kila mtu kwa mfuko wake, na wengine wetu ni intani mnajua wanalipwa nini. Baada ya wiki tatu akaleta karatasi 22 zimebindiwa vizuri, na ukurasa wa tisa imeandikwa kwamba miche ya mikoko itamwagiliwa maji asubuhi na jioni. Mikoko, miti inayokaa kwenye maji ya bahari! Nikajua huyu mtu hajawahi kuona mkoko maishani mwake, na 8,000 yetu imeenda. Simu hashiki mpaka leo. Iliniuma sana kwa sababu watoto walikuwa wananiuliza kila asubuhi, "tichaa, Wazungu wamejibu?"

Ndio mama mmoja wa kamati akaniambia nenda Langoni, kuna dada ana saiba ndogo haina hata kibao, ukiingia kichochoro cha pili ukitoka upande wa baharini utaona fotokopi iko mlangoni, uliza "kwa dada wa fomu" utaonyeshwa. Huyu dada alikuwa karani wa hesabu kwa mradi mmoja wa uhifadhi miaka kama saba hivi, mradi ulipoisha akafungua hii saiba, kwa hivyo yeye amekaa ule upande wa pili wa meza, upande wa watu wanaozisoma hizi proposali na kuzitupa.

Siku ya kwanza nilienda na orodha niliyoprinti kutoka Google, kurasa sita, wafadhili wa miradi ya wanafunzi duniani. Nilikuwa najiona nimejipanga. Akaniambia, "Mwalimu, keti kwanza," akachukua kalamu nyekundu akaanza kukata. DonorsChoose, akakata, hiyo ilianzishwa na mwalimu wa Bronx kule New York mwaka 2000 na ni nzuri sana lakini ni ya shule za umma za Marekani peke yake, sisi hatuna mlango pale. Learn and Serve America, akakata, na hapo akasimama kunieleza, hiyo ilikuwa hela ya serikali ya Marekani hasa kwa miradi ya huduma mashuleni, na mwaka 2011 bajeti yake ikafutwa, haiko. Akasema orodha yoyote ya mtandaoni ambayo bado inaitaja jua imezeeka, basi na hizo zingine zilizoko juu yake na chini yake usiziamini mpaka uingie websaiti ya mwenyewe uangalie tarehe. Hiyo peke yake ilinilipia 500 yangu ya siku ile, kwa sababu mimi nilikuwa nimekesha usiku mbili najaza fomu za watu ambao hata hawapo.

GlobalGiving hakuikata, aliiwekea alama ya kuuliza. Iko tangu 2002 na Wakenya wengi wako pale, lakini akanieleza kwamba ile si ruzuku ya kuomba ukapewa, ni harambee ya mtandaoni, ili upate nafasi ya kudumu inabidi kwanza uchangishe dola 5,000 kutoka kwa watu 40 tofauti ndani ya siku chache wanazokupa, hiyo ni kama laki sita na nusu, na wanataka shirika lililosajiliwa, si shule imesimama yenyewe. "Una watu 40 wenye kadi ya benki, mwalimu?" Nikahesabu kichwani, sikufika kumi. Rotary akaniambia zile ruzuku kubwa zao za kimataifa zinaanza na mradi wa dola 30,000 na lazima klabu za nchi mbili zishikane, sisi mradi wetu wote haufiki hata dola elfu moja, lakini klabu zenyewe huwa na hela ndogo za distrikti kwa hivyo hizo si za kujaza fomu, ni za kwenda kukutana na mtu na kuongea. Ule mfuko mdogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uko Kenya tangu 1993 na pwani hii wameufaidi, ila wao wanapa vikundi vya jamii na mashirika. Hapo akapiga mstari wa chini mara mbili kwenye neno vikundi, ntarudi hapo.

Alizozizungushia duara ni chache, programu za mazingira za wanafunzi, na zilinishangaza kwa sababu hazina hela nyingi. Wildlife Clubs of Kenya ambayo iko tangu 1968. Eco-Schools. Roots & Shoots ile ya Jane Goodall iliyoanzia Dar es Salaam 1991 na wanafunzi 12 wamekaa barazani kwake. Mimi nikasema dada hawa hawatupi hela, akasema ndio, lakini wakikujua unapata mtu wa kukuambia fomu gani imefunguka wiki hii, na ukiandika kwa mfadhili kwamba klabu yako ina mahali inapojulikana unasomwa tofauti. Nilikubali shingo upande, na sasa naona alikuwa sawa.

Kitu kilichonifanya nimheshimu kabisa ni bajeti. Bajeti yetu ilikuwa 310,000, ndani kuna laptopu, projekta, fulana 60 zenye nembo ya shule, chakula cha mgeni rasmi, na petroli iko mstari wa mwisho kabisa. Akauliza fulana za nini. Nikasema za siku ya uzinduzi. Akauliza, "Mkoko unapandwa na fulana?" si kwa ubaya, aliuliza kama mtu anataka kujua kweli. Tukaondoa fulana, projekta, mgeni rasmi, ikabaki petroli, gambuti za kuazimana kwa zamu, glavu, viroba, maji ya kunywa na nauli ya fundi wa kutufundisha, 96,000. Halafu akatazama tarehe yetu ya kupanda, tulikuwa tumeandika Ijumaa fulani saa tatu asubuhi kwa sababu ndio siku hedi alikuwa na nafasi. Akaniuliza, "Siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi?"

Nilinyamaza. Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu mvuvi, na sikuangalia maji! Akafungua jedwali la maji kwa simu, ile Ijumaa saa tatu bahari imejaa, watoto wangepanda wakiogelea. Akasema kama yeye ameliona hili basi mfadhili mwenye mtu wake wa bahari ataliona kwa dakika moja na proposali yote itaenda kwa pipa kwa sababu ya tarehe. Tukatafuta siku za bamvua ambapo maji yanatoka mbali na yanatoka wakati wa masomo, tukachagua tatu kwa muhula mzima, na hizo tatu ndizo tukaziandika na saa zake. Yule bwana wa kurasa 22 alimwagilia mikoko, huyu dada aliuliza maji. Hiyo tofauti ndio naomba muione mnapolipa mtu.

Kuna na karatasi. Hapa hana huruma na mimi namshukuru. Alitaka barua ya kamati ya shule yenye minitsi na sahihi za mwenyekiti wa BOM, ile bodi ya shule, na hedi, stetimenti ya akaunti ya shule si ya mwalimu, pini ya KRA ya ushuru, na barua kutoka KFS, watu wa misitu wa serikali, kwa sababu mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali uliotangazwa tangu 1932, huwezi ukaamka tu ukaenda kupanda hata kama ni jambo la kheri. Mimi hiyo sikuijua. Nilidhani kupanda hakuna anayekukataza. Ofisi ikanipa barua kwa siku mbili na wakatuambia na aina, kwamba pale petu ni mahali pa mkoko wenyewe na mkandaa, tusipeleke mchu kwa sababu tu miche yake ni rahisi kupata.

Na lile la vikundi. Shule haisajiliwi kama shirika, sasa mfadhili akitaka cheti cha usajili unampa nini? Dada akasema msianzishe shirika jipya, mtapoteza mwaka, tafuteni kikundi ambacho tayari kina cheti na kina jambo la baharini. Kijijini kwetu kuna kikundi cha kina mama wa mikoko na kuna BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Tukakaa nao jioni mbili, nikiwa na wasiwasi watadhani nataka kupitisha hela ya shule kwao kisha niwatoroke. Mzee mmoja wa BMU akaniambia, "Mwanangu, watoto ni wetu, andika." Tukaandika makubaliano ya ukurasa mmoja, hela inaingia wapi, nani anatia sahihi, mradi ukiisha gambuti zinabaki kwa nani. Kina mama ndio waliotufundisha kuchagua mbegu, ile ndefu ya kijani iliyoanza kuwa na shingo ya njano, ukiivuta ikikataa kutoka iache bado, iliyoiva inatoka yenyewe mkononi, unaichomeka kwenye tope theluthi moja basi. Hakuna fundi wa nauli tena, ile laini ya bajeti tukaigeuza ikawa posho ya kina mama na hata mfadhili alilipenda hilo.

Kwa wenzangu wa Malindi, dada alinipa mfano wa kwenu ambao mimi sikuujua vizuri, kule Watamu shirika la uhifadhi la A Rocha wana mpango wa ASSETS tangu 2001, wageni wanalipa kutembea kwenye ile njia ya mbao ya Mida Creek na hela inaenda karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hiyo mikoko. Na Gazi kule Kwale jamii inauza hewa ya ukaa ya mikoko yao tangu 2013, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza, na sehemu ya hela imenunua vitabu vya shule na kuleta maji. Nilipoyaskia haya nililala nayawaza, kwa sababu sisi Lamu ndio wenye mikoko, hekta kama 37,000 kati ya 61,000 hivi za Kenya nzima ziko hapa kwetu, na watoto wetu wanachangishwa hela ya petroli. Dada akanituliza, akasema Gazi walianza na jamii nzima na wataalamu na miaka ya kupima, wewe una darasa moja na muhula mmoja, anza na mbegu 600 uzihesabu vizuri.

Kuna jambo moja hatukuskizana na nataka niliseme kwa sababu hapa mimi ndio nilishikilia. Mtoto mmoja wa gredi ya 8 alipoulizwa tatizo ni nini aliandika "bahari inakula kwetu, babu amehamisha jiko mara mbili." Dada akaligeuza kwa Kiingereza kikubwa cha mmomonyoko wa fukwe na mabadiliko ya tabianchi, sentensi tatu, mtoto akapotea kabisa. Nikamwambia dada naomba hiyo irudi kama ilivyo, tutafsiri neno kwa neno, jiko libaki. Alikataa, akasema wafadhili wanataka maneno ya kitaalamu. Tukavutana kama nusu saa, mwishowe akaweka yote mawili. Mfadhili alipotupigia simu, swali la kwanza aliuliza ni kuhusu lile jiko la babu, kwamba liko umbali gani na maji sasa hivi. Kwa hivyo mkienda, huyu dada ni hodari kwa hesabu na karatasi na maji, lakini maneno ya watoto wenu yasimamieni nyinyi.

Matokeo: tulituma nne. Mmoja hakujibu mpaka leo, mmoja alikataa kwa barua nzuri, mmoja akasema turudi mwaka ujao, na mfuko mmoja mdogo wa uhifadhi ukatupa 78,000. Ile 18,000 iliyopungua tuliipata hapa hapa, hoteli moja ya Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani, ikatoa lita 40 za petroli bila hata proposali, ni barua ya ukurasa mmoja na picha mbili, na wazee wakatoa mashua mbili siku zote tatu. Hii nataka niisisitize, wengi tunaandika Ulaya kabla hatujafika Shela. Watoto wamepanda mbegu 600. Baada ya miezi mitatu wamerudi kuhesabu, mmoja anashika kamba, mmoja anaita namba, mmoja anaandika, zimesimama 412, na zile zilizokufa wameandika kwa nini wanadhani zimekufa, nyingi ni upande wa mkondo ambako nyavu kuukuu na plastiki zinazikalia. Sasa wenyewe wanataka mradi wa pili uwe wa kutoa hizo taka, wametaja na lile jahazi la Flipflopi lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki na malapa likashushwa 2018, wanajua kila kitu chake.

Ripoti pia dada ndiye aliyetusaidia, na hapo kuna kitu cha kuangalia sana, picha za watoto. Tangu ile sheria ya data ya 2019 huwezi kutuma sura ya mtoto kwa mfadhili bila ruhusa ya mzazi, yeye anakataa kabisa kuskani picha mpaka umlete fomu zilizotiwa sahihi. Tulitumia siku nzima kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kusema kweli wazazi walifurahi kuulizwa.

Bei zake, maana najua ndio mnayotaka: kukaa naye mara ya kwanza 500, kuandika yote mpaka kutuma 1,500, ripoti 700, skani 20 kwa karatasi. Asilimia hachukui hata ukimpa, anasema hata kanuni za AFP, chama cha wachangishaji cha Marekani, zinakataza mtu kulipwa kwa asilimia ya hela iliyochangwa. Na aliniambia mfadhili wa kweli hakutozi hela ya kuomba, ukiona ada ya fomu funga simu. Ningemjua mwaka uliopita tungekuwa na 8,000 yetu.

Ile nyota niliyoitoa: intaneti yake ni ya kusuasua, siku ya dedlaini tulikaa mpaka saa nne usiku duara linazunguka tu kwenye skrini na mimi nina boda wa kurudi nayo gizani, ikabidi tutumie bando ya simu yangu. Mahali ni padogo, watu wanne mkiingia wa tano anasimama kichochoroni apishane na punda. Risiti hatoi mpaka uombe, na sisi wa shule bila risiti hatuwezi kueleza hela, nimemwambia aweke kitabu, ameniahidi. Na msiende wiki ya mwisho ya kufungua fomu za basari, foleni inafika baharini.

Mkienda bebeni stetimenti ya akaunti ya miezi sita, minitsi za kamati, kopi ya cheti cha kikundi mtakachoshikana nacho, na maneno ya watoto yakiwa kwa mwandiko wao wenyewe. Mimi Jumatano narudi kwake na ule mradi wa nyavu na plastiki, kwa yule aliyesema turudi mwaka ujao. Akijibu ntaongeza hapa hapa.